Saa Hamsini na Tano

Sijawahi kurusha ndege. Niliseme mapema,
maana Vaidotas hunianza kila Jumatatu karakanani:
"Haya rubani, leo tunatua wapi?"
Tunatua shimoni, Vaidotas. Mimi ni fundi wa lifti,
mji wa Kaunas, majengo ya zege ya ghorofa tisa tisa,
na juu kabisa nilikowahi kufika
ni pale nyaya zinapokomea.

Saa hii ni pana kama kisahani cha kikombe.
Ilikuja kwa posta, ndani ya boksi la bati.
Ina miaka miwili, inajifanya ina themanini:
tarakimu zimepakwa rangi ya chai iliyolala,
mkanda wa ngozi una misumari miwili isiyoshika kitu,
kifundo cha ufunguo kinene kama kitunguu kichanga
ili rubani akizungushe bila kuvua glavu.
Rubani yupi? Sijui. Asubuhi za Januari
nakizungusha na glavu zangu za grisi. Inatosha.

Na uso wake, hapo ndipo watu hupotea.
Pembeni, kwa maandishi makubwa, zimepangwa dakika:
tano, kumi, kumi na tano, hadi hamsini na tano.
Saa zenyewe zimesukumwa ndani, kwenye duara dogo,
kama watoto waliokatazwa kukaa na wageni.
Akrabu fupi huzitembelea humo, polepole;
akrabu ndefu ndiyo yenye uwanja.
Skaistė, mke wangu, aliitazama mara moja tu.
"Saa gani hii isiyojali saa?"
Usiku huivisha soksi. Anasema inatafuna.

Nimeulizwa bei. Sitaji.
Nimeulizwa, simu si inayo saa?
Inayo, na haichelewi. Hii huchelewa sekunde kumi na moja
kila siku, na kila siku, kabla ya kahawa,
naitia ufunguo, mizunguko thelathini,
nahisi springi ikikaza chini ya kidole
jinsi waya wa lifti unavyokaza mtu anapoingia.
Labda ni hilo. Labda ni baba,
aliyekata nyasi kiwanja cha ndege miaka ishirini na sita,
na kila ngurumo ilipopita alizima mashine,
akainua uso, kisha akautazama mkono wake
usiokuwa na kitu.

Mwezi wa pili umeme ulikatika.
Lifti ikakwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano,
ndani yumo Bi Genovaitė, miaka themanini na minane,
na mfuko wa bitiruti.
Nilichomeka mtaimbo, mlango ukaachia upana wa kiganja,
ukagoma. Akasema hapati pumzi. Akasema hajui
kama bado ni jioni au kumekucha.
Nikavua saa, nikaipenyeza kwenye ufa.

Kimya. Kisha, kutoka gizani,
ambako zile tarakimu za chai zilishawaka kijani:
"Mwanangu, hii inasema ni saa hamsini na tano."
Nikaanza kumweleza, nje ni dakika, ndani ni...
"Wacha. Nimesoma vizuri.
Kwa umri wangu, ndiyo saa yenyewe."
Akacheka hadi kikohozi kikamshika,
nami nikacheka, nimelala kifudifudi sakafuni,
mdomo kwenye ufa wa chuma.

Alikaa nayo dakika arobaini. Alinitangazia kila tano
kama kondakta anayetaja vituo,
na katikati ya vituo alinilaumu kwa mambo
ambayo si ya lifti.
Umeme uliporudi alitoka na bitiruti zake,
akanirudishia saa ikiwa na joto la mkono.
Hakusema asante. Alisema inachelewa.

Alijuaje, sijamuuliza.
Kesho yake niliirekebisha, na kesho kutwa.
Siku ya tatu niliitia ufunguo, nikavaa buti,
nikaziacha zile sekunde zilipo.